Seva ya pili tunayo, wa kuihamia hatuna: barua ya wazi kwa mnaosaini bajeti za TEHAMA

Kwa makatibu wakuu, wakurugenzi watendaji, waganga wafawidhi, makamu wakuu wa vyuo, na wengine wote ambao bila saini yenu hakuna fedha inayotoka,

Shikamooni.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Kwa kawaida nawaandikia kwa dokezo. Dokezo hupita kwa mkuu wa kitengo, likatoka kwake likaenda kwa mkuu wa idara, na huko likapata mahali pa kupumzika. Safari hii naandika hadharani. Sina ugomvi na mtu yeyote. Nimechoka tu kusubiri majibu ya ombi moja: mafunzo ya vitendo ya kuitumia seva ya pili, ile ya akiba.

Mimi ni afisa TEHAMA, mwaka wa 14 huu, nimepita taasisi tatu za umma. Mojawapo ni hospitali ambayo sitaitaja, na huko ndiko naanzia.

Ilikuwa Jumapili, saa kumi alfajiri. Simu iliita mara tatu ndipo nikaamka. Alikuwa kijana wetu wa zamu, ana miezi saba kazini, sauti imemkauka. "Kaka, mfumo umelala. Mapokezi hawaandikishi, maabara hawaoni maombi ya vipimo, wodi ya wazazi wanaandika nyuma ya fomu za zamani." Nikamuuliza diski ikoje. Akasema imejaa, asilimia 100, lakini nisiwe na wasiwasi, dawa ameshaipata: kuna saraka (folda) moja ina gigabaiti 400 na ushee za faili za kumbukumbu, za wiki mbili tatu nyuma. Anazifuta sasa hivi ili mfumo urudi.

Nilipiga kelele hadi mke wangu akaketi kitandani. "Usiguse! Toa mkono kwenye kibodi!"

Faili zile hazikuwa takataka. Kanzidata yetu, yaani programu inayotunza data zote za mfumo, ilikuwa PostgreSQL, na PostgreSQL haibadilishi kitu kwenye majedwali kabla haijakiandika kwanza kwenye daftari lake: fulani kalipa, fulani kalazwa, jibu la kipimo limerekebishwa. Faili zile ndizo daftari lenyewe. Ukizifuta wakati kanzidata imeanguka, huenda isiamke tena, au ikaamka na majedwali ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeyaamini. Kosa hili limewapata watu wengi hadi watengenezaji wenyewe, walipotoa toleo la 10 mwaka 2017, wakaibadilisha saraka hiyo jina, kutoka pg_xlog ikawa pg_wal. Watu walikuwa wakiona "log", wanadhani ni kumbukumbu za kawaida za matukio na wamepewa ruhusa ya kufagia.

Sasa daftari lilifurikaje? Hapa ndipo nawaomba msome polepole, maana lilifurika kwa sababu ya seva ya pili. Ile ile mliyotununulia ituokoe.

Seva hiyo ilikaa kwenye jengo la mkoa mwingine, na kazi yake ilikuwa moja: kurudufu kila kinachoandikwa kwenye seva kuu, ili siku seva kuu ikiungua, ikizama au ikiibwa, tuhamie kule na kazi iendelee. Seva kuu nayo ilikuwa na agizo lake, kwamba isitupe ukurasa wowote wa daftari mpaka mwenzake athibitishe kaupokea. Siku 19 kabla ya Jumapili ile, mkandarasi wa barabara alikata mkongo. Mwenzake hakuthibitisha kitu. Seva kuu ikaendelea kumtunzia, ukurasa juu ya ukurasa, kama mama anayemfunikia chakula mtoto ambaye hajarudi, mpaka nafasi ikaisha na yenyewe ikaanguka. Upo mstari mmoja kwenye faili la usanidi, tangu toleo la 13, unaoweka kikomo cha kumsubiri mwenzake. Usipouweka, husubiri bila mwisho. Mzabuni hakuuweka. Sisi hatukujua kama upo.

Mtauliza, je, mfumo haukutoa tahadhari? Ulitoa, kila siku, kwa barua pepe, kwa afisa aliyekuwa amehamishiwa mkoa mwingine mwaka mmoja nyuma.

Tukawaza kuhamia seva ya pili hivyo hivyo, tuanze na data za siku 19 zilizopita huku tukitafuta namna. Nywila ya kule ilikuwa kwenye bahasha. Bahasha ilikuwa kwenye kabati la chuma. Ufunguo wa kabati alikuwa nao mhasibu mkuu, na mhasibu mkuu alikuwa Moshi, msibani.

Tulichofanya mwishowe hakikuwa na maajabu. Tulihamisha ripoti za zamani zilizokuwa kwenye diski hiyo hiyo, tukapata upenyo wa kuiwasha kanzidata, tukaifuta ile alama ya kumsubiri aliyepotea, na daftari likaanza kupungua lenyewe. Saa saba mchana dirisha la malipo likafunguliwa. Saa tisa nzima za hospitali kufanya kazi kwa kalamu, na wiki mbili baadaye makarani walikuwa bado wanaingiza karatasi za Jumapili, nyingine mwandiko hausomeki na aliyeandika hakumbuki.

Yule kijana hakuwa mzembe. Ana shahada nzuri kuliko yangu. Na mafunzo ya mfumo ule yalifanyika, yamo kwenye mkataba: siku mbili, hotelini, chai na vitafunwa. Waliohudhuria ni mkuu wa kitengo, afisa ugavi, mkaguzi wa ndani, na mimi kwa siku ya kwanza tu kwa sababu siku ya pili printa ya mkurugenzi iligoma. Wa zamu za usiku hakualikwa hata mmoja. Mimi nilijuaje habari za saraka ile? Miaka sita kabla niliifuta mwenyewe, nyumbani, kwenye kompyuta yangu, nikiwa najifunza. Nilipoteza orodha ya wachezaji wa timu ya mtaa na michango yao ya jezi. Hiyo ndiyo gharama yote ya elimu iliyoiokoa hospitali ile.

Kwa hiyo waheshimiwa, ninachoomba si seva ya tatu. Ninaomba mtupe mahali pa kuharibu.

Kabla sijaeleza, niondoe mkanganyiko mmoja ambao nimeukuta kwenye kila taasisi, tena kwa watu wakubwa. Waliosoma zamani mnaikumbuka mashine ya kurudufu mitihani. Mwalimu akikosea kwenye stensili, kosa linatoka kwenye karatasi zote 200, safi, halina doa. Urudufishaji wa data ni mashine hiyo hiyo, ila ina kasi ya kutisha. Afisa akifuta jedwali la wagonjwa kwenye seva kuu, seva ya pili italifuta pia ndani ya sekunde, kwa utii mkubwa. Urudufishaji unakukinga na kifo cha mashine. Haukukingi na mkono wa mtu, wala na kirusi. Hayo ni kazi ya bakapu: nakala iliyopigwa jana, ikawekwa pembeni, ikaachwa. Vitu hivi ni viwili, vinahitaji ujuzi wa namna mbili, na nimeshasikia kwenye kikao mtu akisema "bakapu za nini, si tuna DR?", yaani hiyo seva ya pili ya kuokoa wakati wa janga, na vichwa vikatikisika kukubali.

Aliyelipa ada kubwa kwa somo hili ni kampuni ya meli ya Maersk. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kilichoitwa NotPetya kiliingia kwenye mtandao wao. Walikuwa na seva zipatazo 150 za kutunza majina ya watumishi na ruhusa zao, zimetawanyika duniani, kila moja ikirudufiana na nyenzake. Mpango wao ulikuwa huo: moja ikifa, nyingine zipo. Hakuna aliyewaza zote zife siku moja. Zilikufa, na bila hata moja ya hizo hakuna mtu ambaye angeruhusiwa kuingia popote. Wakatafuta dunia nzima, wakaipata moja nzima. Ilikuwa Ghana. Ilisalimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla kirusi hakijafika, na seva ikawa imezimika.

Sisi tunaojua mgao tunaweza kucheka kidogo hapo. Lakini angalieni kilichofuata. Intaneti ya ofisi ile ilikuwa nyembamba, kuzituma data hizo Uingereza kungechukua siku kadhaa. Wakaamua mtu apande ndege na diski. Hapakuwa na mtumishi wa Ghana mwenye viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja aruke hadi Nigeria, amkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, huyo ndiye aende nayo London. Kampuni ikalazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, kazi waliyoimaliza ndani ya siku kumi, na hasara ilihesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya dola. Utaalamu wote ule wa urudufishaji, na nakala pekee iliyofaa ni ile ambayo bahati iliikata kwenye mtandao. Ndiyo sababu wasimamizi wazoefu hutenga makusudi kabisa nakala moja isiyofikika, na wengine huweka seva moja ya kurudufu inayobaki nyuma kwa saa nzima, ili mtu akikosea wawe na saa hiyo ya kumkamata. PostgreSQL na MySQL, kanzidata nyingine inayotumika sana, zote mbili zinaruhusu jambo hilo. Ni mstari mmoja tena. Nani kwenye taasisi yenu anaujua?

Kisa cha pili kinanigusa zaidi, kwa sababu kinahusu mtu kama mimi, usiku, amechoka. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu misimbo yao, ilikuwa na seva mbili za PostgreSQL, kuu na ya pili, kama zetu. Mzigo ulizidi, ya pili ikabaki nyuma. Tatizo lao lilikuwa kinyume cha letu: seva kuu ilishatupa kurasa za daftari kabla mwenzake hajazisoma, kwa hiyo ya pili ikawa haina budi kunakiliwa upya tangu mwanzo. Ili inakiliwe, saraka yake lazima iwe tupu. Mhandisi akatoa amri ya kufuta. Sekunde moja au mbili baadaye akagundua kwamba dirisha aliloandikia lilikuwa la seva kuu. Akasitisha, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5.

Wakakimbilia bakapu. Za kila siku zilikuwa hazipo, maana programu iliyotakiwa kuzipiga ilikuwa ya toleo la 9.2 na kanzidata ilikuwa ya 9.6, ikawa inashindwa kimya kimya. Barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Njia nyingine walizozitegemea nazo ama hazikuwashwa ama hazikufaa. Kilichowatoa ni nakala iliyopigwa kwa mkono takriban saa 6 kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa. Kazi ya watu ya saa hizo 6 ikapotea moja kwa moja.

Wakafanya jambo ambalo kwetu sijaliona. Waliurusha ukarabati mubashara YouTube, watu wakawatazama wakihangaika. Baadaye wakachapisha maelezo kamili, hatua kwa hatua, mhandisi akitajwa tu kama mfanyakazi namba moja. Mpaka leo wasimamizi wa mifumo duniani wanajifunza kutoka kwenye maelezo yale. Yule kijana wetu wa hospitali, Jumanne asubuhi, alikuta mezani barua ya kujieleza. Alijieleza vizuri, kurasa mbili. Sasa yuko benki moja ya biashara, wanamlipa mara tatu, na kile alichojifunza Jumapili ile ameondoka nacho.

Kuna mtakaosema hayo ni ya kampuni, serikali zina utaratibu. Korea Kusini ni miongoni mwa serikali zilizotangulia mbali kimtandao. Tarehe 26 Septemba 2025 betri za litiamu ziliwaka moto kwenye kituo chao cha data cha taifa mjini Daejeon, wakati mafundi wakizishughulikia ili zihamishwe. Mifumo 709 ya serikali ikasimama. Kulikuwa na hifadhi moja ya nyaraka, inaitwa G-Drive, ambamo watumishi wa umma wapatao 125,000 walikuwa wanaweka kazi zao. Terabaiti 858 zikaungua. Hapakuwa na nakala mahali pengine. Sababu iliyotolewa ni kwamba hifadhi ilikuwa kubwa mno kuirudufu. Wapo watumishi waliokuwa wameelekezwa wasihifadhi kitu kwenye kompyuta zao ila huko huko. Wakatii.

Basi turudi nyumbani. Ziko namba mbili ambazo kila mwaka zabuni inaniuliza na kila mwaka nazibuni, na mimi si mtu wa kuzitoa. Namba ya kwanza: likitokea janga, tunakubali kupoteza kazi ya muda gani? Ya pili: tunakubali kukaa gizani kwa muda gani? Hizo ni namba zenu. Mimi nikiandika "sifuri" na "dakika tano" kwa sababu inapendeza kwenye jedwali, mzabuni atafurahi kuliko mtu yeyote.

Sifuri ina bei, na bei yenyewe si fedha peke yake. Mwanga ndani ya mkongo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam hadi Dodoma kwa barabara ni kilomita 450 hivi. Kwenda na kurudi ni 900, yaani milisekunde 4.5 hata kabla vifaa vya njiani havijachukua chao. Ukitaka usipoteze hata stakabadhi moja, kila malipo yanayoingia Dar yatasubiri Dodoma iseme "nimepokea" ndipo mteja apewe risiti. Milisekunde tano si kitu kwa karani. Kwa kazi ya usiku inayopitisha miamala laki kadhaa, mmoja nyuma ya mwenzake, ni foleni ya kweli. Na mkongo ukikatika, seva kuu ya mtindo huo inakataa kuandika kabisa, kwa kuwa shahidi wake hayupo. Ukitaka isisubiri, ikate risiti halafu imtumie mwenzake baadaye, kazi itakwenda mbio, lakini siku jengo la Dar likiungua, sekunde au dakika za mwisho zimeondoka nalo. Kuchagua kati ya hayo mawili ni uamuzi wa mwenye taasisi. Ndiyo maana kwenye mafunzo ninayoyaomba nataka nanyi muwepo, nusu siku tu, ya kwanza. Zingine tuachieni.

Hizo zingine ziweje? Ziwe za mikono. Kila afisa akae na seva mbili zake. Za kufikirika tu, ndani ya kompyuta moja yenye RAM ya gigabaiti 8, na programu zenyewe ni za bure. Azifunge mwenyewe zirudufiane. Halafu mwezeshaji aje akate waya bila kumwambia, tuone itamchukua muda gani kugundua, na agundue kwa kutazama nini. Diski ijazwe hadi asilimia 100 na aambiwe wodi ya wazazi wanasubiri. Afute jedwali la wagonjwa kwa mkono wake, alione likitoweka upande wa pili, limuume kidogo, kisha alirudishe kutoka kwenye bakapu ya jana pamoja na kurasa za daftari, mpaka dakika moja kabla ya kosa. Nimewaona maafisa wa miaka kumi kazini wakifanya zoezi hilo kwa mara ya kwanza wakasimama kupiga makofi. Walikuwa hawajawahi kuamini kwamba linawezekana.

Kisha apandishe seva ya pili iwe kuu, na ile ya zamani irudi uhai bila taarifa, nayo ikidhani bado ni kuu. Mafahali wawili hawakai zizi moja, ila seva mbili zinazojiona kuu zitakaa vizuri tu, kila moja ikipokea malipo ya watu wake, na asubuhi utakuwa na namba moja ya stakabadhi kwa wagonjwa wawili. Ni bora mtu alione hilo kwenye kompyuta ya mafunzo, ambako wagonjwa ni majina ya kubuni. Na siku ya mwisho yote iwe ya safari ya kurudi, yaani kutoka seva ya pili kurudi kwenye kuu baada ya ukarabati. Kuhama kunafundishwa. Kurudi sijawahi kuona mzabuni akikufundisha, na ndiko watu wanakopotezea data.

Kama mnataka zoezi lifanane na maisha, lifanyike saa nane usiku, na mkurugenzi apige simu kila dakika tano kuuliza "vipi, bado?" Sitanii sana.

Waende nani? Waende wa zamu. Najua mafunzo yana posho ya kujikimu na najua posho hupanda ngazi kama moshi, inaishia juu. Lakini moto hauchagui saa ambayo mkuu wa kitengo yuko ofisini. Kama kuwatoa wote kwa wiki moja hakuwezekani, mafunzo yafanyike hapo hapo kazini, nusu siku nusu siku, kwenye mashine mbili zilizo stoo zikisubiri mnada wa vifaa chakavu. Zisiuzwe. Mashine ya miaka nane inayouzwa kwa bei ya kiroba cha mchele inafundisha urudufishaji sawasawa na mpya.

Na kwenye mikataba ijayo, sehemu ya mwisho ya malipo izuiwe mpaka watumishi wetu wenyewe wahamishe mfumo kwenda seva ya pili na kuurudisha, mzabuni akiwa amekaa pembeni mikono mfukoni. Siku hizi hati ya kukamilika kwa mradi inasainiwa baada ya mzabuni kuonyesha kwamba yeye anaweza. Sisi tulishajua yeye anaweza.

La mwisho ndilo gumu, nimeliacha hapa makusudi. Mara mbili kwa mwaka tuhame kweli. Mfumo halisi, data halisi. Mara ya kwanza kwa tangazo, wananchi waambiwe Jumamosi saa fulani huduma itayumba. Mara ya pili bila kutuambia sisi. Itatokea aibu. Zoezi la kwanza karibu kila mahali hushindwa: nywila imekwisha muda, ukuta wa moto, yaani kinga ya mtandao, unazuia anwani mpya, printa za risiti zinaendelea kuitafuta seva ya zamani. Mnatakiwa mjue hilo kabla hamjasaini, na msaini pia kwamba siku hiyo hakuna barua ya kujieleza. Mtumishi akijua kwamba kugundua kasoro kutamletea karatasi mezani, hatagundua kasoro. Ataandika "zoezi limefanikiwa" na nyote mtalala vizuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, ikiwemo dhidi ya kupotea; siku zikipotea, ripoti ya "zoezi limefanikiwa" haitamtetea mtu.

Nipo tayari kuendesha wiki ya kwanza mwenyewe, kwa taasisi yoyote itakayonipa chumba, umeme na maafisa sita. Posho tutazungumza.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona ndugu aliyelazwa kwenye hospitali ile ile. Nikapita chumba cha seva kuwasalimia. Viyoyozi vipya, rafu mpya, mlango wa alama za vidole, na seva ya pili imebadilishwa, ya sasa ina nguvu mara nne ya ile ya wakati wangu. Wa zamu ni binti mmoja, ana mwaka mmoja kazini, mchangamfu. Nikamuuliza kama wameshawahi kuihamia. Akasema bado, lakini mzabuni alionyesha, na ilifanya kazi. Nikamuuliza nywila yake iko wapi. Akacheka kwanza.

"Iko kwenye bahasha, kaka. Kwenye kabati la uhasibu."

Nikamuuliza na ufunguo. Akasema hapo sasa mpaka aulize.

Wenu mtiifu,
Afisa TEHAMA, zamu ya usiku